Usisahau Dansi

Siku Biddy alipoacha kumng'ata, Sep Garbutt alifurahi. Ndiyo, alifurahi, mzee wa watu. Alikaa jikoni kwake akitabasamu peke yake kama mtu ambaye njiwa wake wa mashindano ametangulia kufika.

Biddy alikuwa kicheche. Si kicheche wa porini, yule anayenuka na kuiba mayai. Huyu alikuwa wa kufugwa, mrefu mwembamba kama soksi, manyoya rangi ya chai yenye maziwa mengi, wa aina ile ambayo wanaume wa kijiji cha Hesledale wamekuwa wakiwaingiza kwenye mashimo ya sungura kuwatimua nje tangu mgodi wa makaa ulipokuwa wazi, na mgodi wenyewe umefungwa zamani. Ila Biddy sungura alimjua kwenye sahani tu. Alikuwa wa Mavis, mke wa Sep, na kazi yake ilikuwa kulala kwenye mfuko wa aproni ya Mavis na kumng'ata Sep kila akisogea. Sep alichimba makaa ujana wake wote akatoka mzima, lakini kidole gumba chake kilijaa makovu ya Biddy.

"Hakupendi kwa sababu unanuka njiwa," Mavis alikuwa akimwambia, huku ameshika mbavu kwa kicheko. "Nenda kaoge kwanza, ndiyo uje kujipendekeza."

Basi mambo yaligawanyika hivyo. Njiwa wa Sep, kicheche wa Mavis. Sep hakuuliza ya Biddy, Mavis hakuuliza ya njiwa, na ndoa yao ilikwenda salama mpaka mwezi wa pili mwaka huu, saratani ilipommaliza Mavis. Kabla hajalazwa alimkalisha Sep mezani akamwapisha.

"Biddy usimpe mtu."

"Sitampa."

"Hata akikung'ata?"

"Hata akininyofoa pua, mke wangu."

Ahadi hiyo ndiyo iliyobaki mikononi mwa Sep. Vitu vingine vya Mavis vilikuwa vitu tu, koti, miwani, ndara zake za bluu chini ya sinki. Biddy alikuwa na pumzi. Alikuwa amelala shingoni mwa Mavis majira ya baridi yote. Sep aliona kwamba huyu akifa, Mavis atakuwa amekwisha moja kwa moja, na usingeweza kumwambia vingine akakusikia.

Kwa hiyo mwezi wa saba, Biddy alipopakatwa akatulia, asing'ate, asikwaruze, macho nusu yamefumba, Sep alijisikia mtu aliyesamehewa. Alikwenda klabuni jioni ile akamwambia Cuddy Raine, rafiki yake tangu wako mgodini.

"Amenikubali, Cuddy! Nimemshika saa nzima, hajanigusa hata kwa jino moja."

Cuddy alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi zaidi, bingwa wa kulima vitunguu vile virefu vyeupe vya mashindano, na mfugaji wa vicheche wa kazi. Kwa kawaida angesema jambo hapo, la kuhusu ladha ya Sep. Safari hii aliitazama bia yake.

"Hajakung'ata kabisa?"

"Kabisa."

"Anakula?"

"Kidogo. Joto hili nani anakula?"

Cuddy akafuta mdomo. "Mwangalie vizuri, mwenzangu," akasema, akageukia mchezo wa domino wa watu wengine.

Sep alimwangalia, na alipomwangalia ndipo alipoanza kuona. Mkia ulikuwa umepukutika, umebaki kama mkia wa panya. Kwenye mbavu manyoya yalitoka ukishika. Yai bichi, lililokuwa likimpandisha wazimu kwa furaha, Biddy alilinusa akaligeuzia mgongo. Lo!

Hapo Sep akaanza kutafuta ugonjwa. Wanaume wa huku hawampeleki mnyama kwa daktari mpaka kila mwanamume klabuni awe amekwisha kuwa daktari. Mmoja akasema ni utitiri, mpake mafuta. Sep akapaka. Mwingine akasema ni nyama, umembadilishia mchinjaji. Kweli alikuwa amembadilisha, kwa vile yule wa zamani kila akimwona alikuwa anamwuliza habari za Mavis kwa sauti ya msibani. Sep akajikaza, akarudi kwa yule wa zamani, akavumilia pole zake, akanunua maini. Biddy hakuyataka. Wa tatu akasema ni unyevu wa banda. Sep akalibomoa banda lote, akachoma nyasi za kulalia, akamhamishia Biddy jikoni ndani ya sanduku lenye sweta ya Mavis.

Kuna jambo aliliona mapema, na hili ndilo linaloniuma mimi kulisimulia. Kule mwezi wa nne, akisafisha banda, aliona Biddy amevimba chini ya mkia. Sep akageuza uso. Aliona ni mambo ya kike, na mambo ya kike ya nyumba ile yalikuwa ya Mavis. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa maneno gani? Mtu aliyeoa miaka yote hiyo na bado anabisha hodi mlango wa bafu lake mwenyewe!

Siku zilivyokwenda akapata jawabu lake, na jawabu hilo lilimkaa rohoni kwa sababu lilifanana naye. Biddy hali, Sep naye hali. Biddy anapungua, Sep naye suruali inamshinda kiunoni. Biddy amelala kwenye sweta ya Mavis asiitoke, na Sep anajua ile sweta inanukia nini.

"Anamlilia mama yake," akamwambia Cuddy. "Tunaumwa ugonjwa mmoja, mimi na yeye. Nami sina dawa."

"Sep," Cuddy akasema, "lakini ulishampeleka, sivyo?"

"Kumpeleka wapi?"

Cuddy akafungua mdomo. Ukimwona mtu anayemeza neno, koo humpanda na kushuka, na la Cuddy lilipanda likashuka. "Kwa daktari," akasema. "Mpeleke kwa daktari. Kesho asubuhi, usingoje, nakuomba."

Cuddy hakuwa mtu wa kuomba. Hilo lilimtisha Sep kuliko mkia uliopukutika.

Sasa niseme habari ya dansi, maana bila hiyo hutaelewa koo la Cuddy.

Mavis alipokuwa anakaribia kuondoka, hospitalini, dawa za maumivu zilikuwa zimemfanya aseme nusu nusu. Sep alikuwa ameushika mkono wake. Mavis akafumbua macho, akamtazama sawasawa.

"Sep."

"Nipo."

"Mwezi wa nne. Dansi." Akavuta pumzi. "Usisahau dansi."

"Sitasahau, mpenzi wangu. Nitasahauje?"

Mavis akafumba macho kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kufunga mlango na kuona ufunguo uko mfukoni. Hakusema tena. Kesho yake akafariki.

Na Sep angesahauje! Walikutana dansini, mwezi wa nne, kwenye ukumbi wa wachimbaji. Sep alikuwa amevaa viatu vya kuazima vya kaka yake, akamkanyaga Mavis wimbo mzima, na Mavis akamwambia ama ajifunze kucheza ama amnunulie viatu vipya. Alifanya yote mawili. Kwa hiyo katika maneno yake ya mwisho, mke wake alikuwa amerudi pale, kwenye sakafu ile, kwake yeye. Sep alisimama kanisani siku ya maziko, yeye asiyewahi kusimama mbele ya watu hata harusini kwake, akayasema maneno yale kwa sauti. Kanisa zima lililia. Cuddy alikaa benchi la pili, kofia mkononi, macho sakafuni. Sep alimwona akasema moyoni, Cuddy naye kaguswa.

Akaagiza jiwe la kaburi, na juu yake, chini ya jina, aandikiwe maneno hayo: USISAHAU DANSI. Jiwe lingesimamishwa kiangazi, udongo ukishatulia.

Na mwezi wa nne ulipofika, Sep alivaa suti yake akaenda kwenye ule ukumbi. Siku hizi wanauza mazulia. Alimwomba kijana wa dukani amruhusu asimame kidogo nyuma, pale palipokuwa na jukwaa. Kijana akamwacha. Sep akavuta hatua chache kati ya mabunda ya mazulia, mkono mmoja hewani. "Nimekuja, Mavis," akasema. Akarudi nyumbani na amani aliyokuwa hajaipata tangu msiba. Bandani Biddy alikuwa akizunguka, akizunguka, akikwaruza mlango, akitoa kisauti chembamba. Sep akamwongezea maji.

Basi asubuhi ile ya mwezi wa saba alimtia Biddy kwenye kikapu cha Mavis, akamfunika na sweta, akaenda kwa daktari wa wanyama kwenye mji wa jirani. Daktari alikuwa binti mmoja aitwaye Imogen, mikono myekundu, nywele zimefungwa na raba, na mwenye haraka ya adabu. Alimlaza Biddy mezani, na Biddy akabaki kama alivyolazwa. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea, inaburuta.

Daktari akampandisha mdomo wa juu kwa kidole. "Njoo uone ufizi wake, Bwana Garbutt."

Sep akaona. Ulikuwa mweupe kama sahani.

"Unatakiwa uwe mwekundu?"

"Kama wako na wangu. Damu imemwisha." Akampapasa tumbo, akaonyesha vidoadoa vya zambarau chini ya ngozi, akanyanyua mkia. "Yuko kwenye joto tangu lini?"

"Nimemweka jikoni, binti. Jikoni kuna ubaridi mzuri tu."

"Sisemi joto la hewa. Joto la kutaka dume."

Sep akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi hayo... hayo yalikuwa ya mke wangu."

"Uvimbe huu uliuona lini mara ya kwanza?"

"Mwezi wa nne," Sep akasema, kwa sauti ndogo.

Imogen akavua glavu. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali. Alimweleza taratibu kwamba kicheche jike akishaingia kwenye joto hatoki mwenyewe kama paka au mbwa. Hubaki humo mpaka apandwe na dume, au apigwe sindano. Asipopata kimoja kati ya hivyo, ile hali yenyewe huishambulia sehemu ya ndani ya mifupa inakotengenezwa damu, mpaka mifupa inaacha kutengeneza. Halafu huja huku kupukutika, kukosa nguvu na kutotaka kula.

"Na kutong'ata?" Sep akauliza.

"Hana nguvu ya kung'ata, Bwana Garbutt."

Sep akashika ukingo wa meza. Alikuwa amemshika mapajani jioni zile zote, akimwambia, "Umenipenda sasa, ee mwanangu, umenipenda."

"Mwaka jana mkeo alifanyaje?" daktari akauliza. "Na mwaka juzi? Maana alikuwa mzima."

"Sijui."

"Si lazima azae. Kuna watu wana dume aliyekatwa mshipa wa uzazi. Anapanda tu, jike anatulia, hakuna watoto. Huku kwenu wanaazimana. Alikuwa anaazima kwa mtu?"

Hapo Sep akamkumbuka Askofu. Askofu alikuwa dume la Cuddy, jitu zima lenye kichwa kama ngumi, na alipewa jina hilo kwa sababu, kama Cuddy alivyopenda kutangaza klabuni, anawabariki mabibi harusi wote wa bonde hili na hana mtoto hata mmoja.

"Anaweza kupona?"

"Nitampa sindano ya kuzima joto, lakini haitarudisha damu. Nikipata dume kubwa lenye afya leo hii, nitamtoa damu nimtie huyu. Kwa vicheche inakubali. Sikuahidi kitu, ujue. Amechelewa sana."

Sep hakukumbuka alivyofika kwenye vibustani vya nyuma ya reli. Cuddy alikuwa ameinama kwenye vitunguu vyake, akivivisha makaratasi shingoni ili viwe vyeupe, kama watoto wanaopelekwa kanisani. Alipomwona Sep anakuja mbio, mzee wa sabini na ushee na kifua cha mchimba makaa, akanyooka.

"Nataka damu," Sep akasema, akihema. "Namtaka Askofu. Daktari anataka damu yake. Biddy yuko... hakupelekwa kwa dume, Cuddy. Mavis alikuwa anamleta kwako?"

"Kila mwaka," Cuddy akasema. "Mwezi wa nne."

"Mbona sikujua?"

"Si ulikuwa na njiwa zako. Yeye mwenyewe alikuwa hataki kukwambia, alisema utaona haya mpaka uanguke." Cuddy alikwisha kuanza kulegea, maneno yakawa yanamtoka yenyewe. "Alikuwa anakuja na kile kikapu, anagonga lile bati la mlango wa banda. Anasema, 'Fungua, Bwana Raine, nimemleta binti yangu...'"

Akakoma.

"Nimemleta binti yangu wapi?" Sep akauliza.

Cuddy alikuwa anatazama vitunguu.

"Cuddy. Wapi?"

"Dansi," Cuddy akasema. "Nimemleta binti yangu dansi. Tulikuwa tunapaita hivyo."

Treni ya mizigo ikapita nyuma ya ua, ndefu, mabehewa baada ya mabehewa, na wote wawili wakasimama kuingoja. Ilipokwisha kupita, Sep bado alikuwa amesimama vilevile.

"Ulijua," akasema. "Kanisani. Ulikaa benchi la pili na ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nikasimama pale kama mpumbavu."

"Hukuwa mpumbavu." Macho ya Cuddy yalikuwa yamejaa. "Sep, ulikuwa hujala siku nzima, tulikuwa tunakushika huku na huku usianguke. Ukasimama na lile neno, na mara ya kwanza nikakuona umenyooka. Ningekuja nikwambie nini? Kwamba mkeo hakuwa anakuwaza wewe, alikuwa anawaza dume langu? Ungeweza wewe?"

"Kicheche wake anakufa!"

"Nilidhani kakwambia na kwa njia nyingine. Nilidhani utamleta. Mwezi wa nne wote nilimsafisha Askofu kila Jumamosi, nikaacha bati wazi. Hukuja. Nikasema labda kampeleka akachomwa sindano, siku hizi zipo. Nilijidanganya, Sep. Kila nikitaka kukuuliza ulimi unakuwa jiwe."

Sep alitaka kumpiga. Alinyanyua mkono kabisa. Lakini mkono ulipofika juu alikumbuka mwingine aliyeona akageuza uso, akaongeza maji akaenda zake, na huyo hakuwa Cuddy.

"Mlete huyo Askofu," akasema. "Haya, mlete, unangoja nini!"

Walikwenda wote kwa gari bovu la Cuddy, Askofu ananguruma ndani ya sanduku. Imogen alimlaza kwa dawa, akanyoa kipande cha shingo, akavuta damu. Jitu lile likalala limekunjua ulimi, na pembeni yake, kwenye taulo, Biddy amelala, mdogo, amepauka, na damu ya Askofu inaingia mshipani mwake tone kwa tone. Sep alikuwa amemshikilia kichwa. Cuddy alikuwa amekishika cha Askofu. Hapakuwa na utani.

"Ndiyo dansi yenyewe hii, mama," Sep akamnong'oneza Biddy. "Nimechelewa, lakini nimekuleta."

Cuddy akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Mchana ule ule, hebu fikiria, ufizi wa Biddy ukapata rangi. Haukuwa mwekundu, lakini haukuwa tena kama sahani. Imogen akasema siku mbili hizi ndizo zitakazoamua, mifupa ianze kazi yenyewe au isianze, akamruhusu Sep aende naye nyumbani. Jikoni, Biddy alinyanyua kichwa. Akalamba yai. Akalamba lote! Halafu akashuka kwenye sweta, akajiburuta sakafuni hadi chini ya sinki, akazitia pua ndara za bluu za Mavis, moja baada ya nyingine. Sep akamfuata kwa magoti, akanyoosha mkono amrudishe.

Biddy akamng'ata.

Alimng'ata vizuri, kwenye kidole gumba, palepale penye makovu ya siku zote. Damu ikatoka. Sep akakaa kitako sakafuni, akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti, kinywa wazi, jinsi ambavyo hakulia hospitalini wala kaburini. "Ng'ata," alikuwa anasema. "Ng'ata, mwanangu, ninastahili. Ng'ata tena."

Hakung'ata tena. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, miguu ililegea upya na ufizi ukarudi weupe. Damu ya kuazima ilikuwa imekwisha na yake haikuja. Sep akamviringisha kwenye sweta, akamweka shingoni, pale alipokuwa analala kwa Mavis, japo shingo hii ilinuka njiwa. Biddy akasukuma pua yake nyuma ya sikio la Sep, akapumua, akapumua kwa mbali, akaacha. Sep alikaa hivyo hivyo mpaka Cuddy alipokuja kubisha hodi, na Cuddy akaona, akavua kofia.

Walimzika bustanini kwa Cuddy, ndani ya kikapu, pamoja na ndara moja. Nyingine Sep aliibakiza.

Sasa jiwe. Jiwe lilikuwa limekwisha kuchongwa, na Jumapili iliyofuata lilisimamishwa makaburini, jeusi, linang'aa, na maneno yake kwa rangi ya dhahabu. Watu wa kanisani walipanda kilima kwenda kuliona. Cuddy alipanda karibu na Sep.

"Unaweza kuwaambia walitoe," Cuddy akasema polepole. "Waandike jingine. Au uliache. Mimi sitasema kwa mtu, mpaka nife sitasema."

"Umeshanyamaza vya kutosha, ndugu yangu," Sep akasema, bila ukali.

Alikuwa hajalala akiliwaza jambo hilo. Kwanza alihisi ameibiwa mke mara ya pili. Kisha, akiwa anaosha bakuli la Biddy, likamjia kwamba Mavis alikuwa na pumzi za kuhesabu, na angeweza kumwambia nakupenda, na hakumwambia. Alimpa kazi. Katika kijiji kizima kilichojaa watu wanaojua vicheche alimchagua yeye, mtu wa njiwa, mtu wa kugeuza uso, akamtazama machoni na kumkabidhi kiumbe chake. Na aliposikia "sitasahau" akafumba macho kwa amani. Alimwamini! Hilo ndilo lililomvunja, zaidi ya dansi kutokuwa dansi yao.

Bi Ottilie, anayepiga kinanda kanisani, alikuwa amesimama mbele ya jiwe na leso usoni. Akamshika Sep mkono.

"Maneno mazuri hayo, Bwana Garbutt. Kila nikiyasoma nalia. Mpaka pumzi ya mwisho anakumbuka mlivyocheza! Ulipendwa wewe."

Sep akatazama maneno yale. Akavua kofia yake.

"Alikuwa ananiambia nimpeleke kicheche wake kwa dume la Cuddy, Bi Ottilie," akasema, kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia. "Dansi ndiyo hiyo. Nikamwambia sitasahau. Nami sikumpeleka, na amekufa."

Bi Ottilie alianza kucheka, kwa kudhani ni utani wa wanaume, halafu akamwona usoni. Cuddy akamshika Sep kiwiko, wakabaki pale wote wawili mbele ya jiwe, na wengine wakaanza kuteremka kilima mmoja mmoja.